Uzibaji wa Viungo vya Hesi katika Springi za Hewa za Magari

Makala haya yanaeleza kwa nini kiungo cha hesi kilichokazwa barabara huweza kuvuja. Meno ya hesi iliyochongoka, hata yakibanana, huacha upenyo mwembamba unaozunguka hadi nje. Upenyo huo usipozibwa, gari huinama likiegeshwa usiku, na kompresa hulazimika kufanya kazi mara kwa mara hata ikaweza kuungua. Tepu nyeupe ya mafundi bomba huuziba, mradi izungushwe kufuata upande wa kukazia na jino la kwanza liachwe wazi, kwani kipande kikikatika huweza kuingia katika vali na kuizuia kufunga. Aidha, tepu haiponyi hesi zisizooana: ya Marekani ina pembe ya nyuzi 60, ya Uingereza 55. Hatimaye hupakwa maji ya sabuni. Panapofanyika mapovu, hewa ingali inatoka.