Usiku wa Mbagala Mbele ya Kamera

Ndugu msomaji, ukisikia habari za mpiga picha wa wanyama, bila shaka fikra zako huenda moja kwa moja Serengeti au Ngorongoro. Mimi ninakaa Mbagala, Wilaya ya Temeke, na kazi yangu ya mchana haihusiani na kamera hata kidogo. Mshahara wa mfanyakazi hauruhusu safari za mbugani kila mwezi. Kwa hiyo niliamua kuwatafuta wanyama wangu, na nyota zangu, nyuma ya nyumba. Nakusimulia yaliyonipata, kwani huenda nawe una kamera kabatini au simu mfukoni, ukidhani kwamba hapa mjini hakuna cha kupiga.

Mnyama wangu wa kwanza alikuwa komba. Unamfahamu, japo kwa sauti: ndiye anayelia usiku kama mtoto mchanga, na ndiye tunayemtaja tukisema fulani amelewa kama komba, kwa jinsi anavyopenda tembo la mnazi. Katika kiwanja kilicho jirani na kwangu palikuwa na mikorosho mitatu mikubwa, na komba wawili walikuwa wakipita humo kila usiku.

Kupiga picha za wanyama gizani si jambo jipya katika nchi yetu. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mjerumani Carl Georg Schillings aliwapiga picha simba usiku kwa kulipua unga wa magnesiamu, akiwafunga punda na ng'ombe kuwa chambo. Mwaka 1905 kitabu chake kilipotoka, watu wa Ulaya walistaajabu. Komba hahitaji mlipuko wala chambo. Macho yake yameumbwa kwa ajili ya giza; ukimmulika kwa taa kali hupumbaa au hukimbia. Kwa hiyo nilifunika tochi yangu kwa karatasi nyekundu, maana mwanga mwekundu hafifu haumsumbui sana. Njia hiyo ilimfaa komba. Kwa majirani sikuwa nimeipima.

Usiku mmoja wa Juni mwaka 2018, yapata saa 8, nilikuwa nimechutama chini ya mkorosho, nimevaa koti jeusi, taa nyekundu mkononi. Ghafla nikasikia filimbi. Kufumba na kufumbua nikazungukwa na vijana wa ulinzi wa mtaa wenye marungu. Mmoja alisema ni mwizi. Mwingine akasema la, mwizi hawashi taa nyekundu, huyu ni mchawi.

Unajua, ndugu msomaji, jinsi usiku wa namna hiyo unavyoweza kumalizika katika mitaa yetu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja, mzaliwa wa Rufiji, aliyetoka nje kwa kelele hizo. "Ngojeni kwanza," alisema. "Mwacheni atuonyeshe alichokuja kukitafuta." Nikawasha kioo cha kamera huku mikono ikitetemeka. Komba akaonekana, masikio wima, macho kama vifungo vya koti. Kijana aliyeinua rungu akalishusha, akacheka: "Kumbe ndiye huyu anayetulilia kila siku!"

Asubuhi tulikwenda kwa mjumbe. Nilikiri kosa langu: nilijifunza tabia za komba, nikasahau kujulikana kwa majirani. Tukakubaliana kwamba kila nitakapotoka usiku nitawaarifu walinzi kwanza. Nami nikawaalika wote waje kuutazama mwezi.

MWEZI ULIPOPATWA

Tarehe 27 Julai mwaka huohuo mwezi ulipatwa kabisa, tangu saa 4:30 usiku hadi saa 6:13. Dakika hizo 103 ni ndefu kuliko za kupatwa kwa mwezi kwingine kokote katika karne hii. Kando yake iling'aa sayari ya Mirihi, ambayo siku zile ilikuwa karibu nasi kuliko wakati wowote tangu mwaka 2003.

Wengi hukosea kuupiga picha mwezi mpevu wakapata doa jeupe tu. Mwezi huangazwa na jua lilelile la mchana. Sehemu moja ya mia ya sekunde yatosha. Lakini ukiingia katika kivuli cha dunia hupoteza nuru, ukawa mwekundu, kwa sababu mwanga unaoufikia umepitia kwanza katika hewa ya dunia, kama ule wa machweo. Hapo kamera hukaa wazi sekunde nzima au mbili, na lazima isimame juu ya miguu mitatu, isitikisike. Walinzi walewale wa Juni walipanga foleni kutazama, marungu yameegemezwa ukutani.

Mzee wa Rufiji alibaki nyuma. Akaniuliza: "Kilimia je, unaweza kukipata? Siku hizi sikioni. Sijui ni macho yangu au ni taa zenu."

Wazee wa Pwani walikitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, ili kujua majira ya kulima. Kikizama kwa mvua, husema, huzuka kwa jua. Na ndivyo ilivyo: huzama jioni wakati wa masika, kikapotea, kisha huzuka alfajiri mwezi wa Juni, wakati wa kiangazi. "Lakini ngoja usiku wa giza," alinionya, "mwezi huu utakificha."

Katikati ya Agosti, saa 9 usiku, tulisimama wawili uani. Niliiacha kamera wazi sekunde 8. Zaidi ya hapo nyota huanza kuacha mkia, kwa kuwa dunia inazunguka. Picha ilipotokea, mzee alihesabu kwa kidole: moja, mbili, hata sita. Akatabasamu. "Kumbe ni taa," alisema.

KILICHOBAKI

Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Picha ya Kilimia imetundikwa sebuleni kwa wajukuu zake. Mikorosho nayo imekatwa, nyumba imejengwa, na komba siwasikii tena. Simlaumu mwenye kiwanja; watu wanahitaji pa kulala. Lakini pembezoni mwa jiji letu, katika misitu ya Pande na Pugu, anaishi komba mwingine, komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Hapatikani popote duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, na misitu hiyo hukatwa kwa ajili ya mkaa na nguzo. Nilikwenda Pande kwa kibali, nikakesha na askari wa wanyamapori, nikarudi bila picha. Nitakwenda tena.

Nawe, ndugu msomaji, usingoje kamera ya bei kubwa. Mohamed Amin, mpiga picha aliyekulia Dar es Salaam na kazi zake zikaonekana dunia nzima, alianza na kamera ya sanduku. Waarifu majirani, zima taa ya uani, mtoe mwanao nje mumtafute Kilimia pamoja. Kisha umwulize bibi yake kilikuwa na kazi gani, angali yupo wa kukujibu.