Trekta Dogo la Louisville

Huko Marekani wapo watu ambao starehe yao ni kufufua matrekta madogo ya bustani. Hununua chuma kilicholala bandani miaka mingi, hukwangua kutu, husafisha kabureta, hupaka rangi, kisha huuza au hubadilishana na wenzao. Trekta lililokufa kabisa huchinjwa ili spea zake ziponye mengine.

Mojawapo linalotafutwa ni Cub Cadet ya kwanza, ya manjano na nyeupe, injini ya Kohler, nguvu za farasi 7. Wanunuzi hutazama namba na rangi. Sisi tutazame lilikotengenezwa kuanzia miaka ya 1960: kiwanda cha International Harvester, Louisville, Kentucky. Mwaka 1947 wafanyakazi wa hapo, weusi kwa weupe, waligoma siku zipatazo 40, maana tajiri aliwalipa chini ya wenzao wa kaskazini kwa kazi ile ile. Wakaongezewa mishahara.

Mwaka 1981 Cub Cadet iliuzwa kwa kampuni ya MTD, na baadaye kiwanda kile kikafungwa. Fundi akifungua gia leo, bolti anazolegeza zilikazwa na wanachama wa Louisville.