Filamu yenyewe haipo. Sasa tuanzie wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Igwachanya. Mdogo wangu, mwaka wa kwanza chuo, alirudi na kazi ya kuandika: filamu Tanzania kabla ya bongo muvi. Siku ya pili tu akaja amekata tamaa. "Dada, nimemaliza bando YouTube, hakuna kitu. Nibadilishe mada?"

Nikamwambia atulie. Alikuwa anatafuta filamu, na akiikosa anaona hakuna historia. Wengi wetu tuko hivyo. Kumbe filamu hata ikipotea huacha karatasi: ripoti, matangazo ya magazeti, barua, vitabu. Hizo ndizo kazi ya maktaba.

Tukaanza na mfano mmoja. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu fupi za kilimo na afya kwa watazamaji wa vijijini, na lori likazizungusha. Zilizobaki ni chache mno, na ziko Uingereza. Lakini waendeshaji wake, Notcutt na Latham, walichapisha kitabu mwaka 1937, The African and the Cinema, wakieleza walivyopiga picha na watazamaji walivyopokea. Ukisome kwa jicho kali, maana wanaousifia mradi ni wenyewe waliouendesha.

Mdogo wangu asingekipata kamwe, kwa sababu alikuwa anaandika "bongo movie history". Katalogi inashika maneno ya wakati wake. Kwa miaka ile andika "Tanganyika", andika "kinema", andika "Colonial Film Unit". Halafu tafuta kwa majina ya watu. Rashidi Kawawa, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza kwenye filamu ya Muhogo Mchungu. Yaani habari ya sinema inaweza kuwa imejificha kwenye rafu ya siasa, ndani ya wasifu wa kiongozi!

Rafu nazo zina vituko vyake. Kwenye mfumo wa Dewey, filamu ni 791.43, televisheni 791.45, jukwaa 792. Ukienda 792 kutafuta Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) huenda usiikute, maana tamthilia za Kiswahili kwa kawaida hukaa na fasihi ya Kiswahili, 896.392. Anayetafiti ukumbi wa maigizo lazima apite rafu zote mbili. Na anayetaka televisheni ya Bara miaka ya 1980 asijisumbue: vituo vya Bara vilianza 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Kwa Bara, hamia 791.44, redio.

Kuhusu makala, tulianza na "The Feature Film in Tanzania" ya Rosaleen Smyth, jarida la African Affairs, 1989. Usiisome tu, chota tanbihi zake. Kila tanbihi ni anwani ya karatasi nyingine.

Magazeti ya zamani ndiyo yanayokudai safari ya Dar. Kabla hujapanda basi Makambako, mwandikie mkutubi. Usiseme "naomba material za filamu". Sema: Tanganyika Standard, 1952, matangazo ya majumba ya sinema, je, mnayo na naruhusiwa kupiga picha? Swali la namna hiyo linajibika.

Jioni tukafungua boksi lililo chini ya televisheni ya mama. Lina DVD za bongo muvi za miaka ya 2000, na karibu nusu hazichezi tena, zinakwama dakika ya tano. Makava yapo mazima: majina ya waigizaji, msambazaji, mwaka. Sijawahi kuona kava kama hizo kwenye katalogi ya maktaba niliyotumia. Dogo alizipiga picha zote kwa simu, mbele na nyuma, akaanza kuziandika kwenye daftari moja baada ya nyingine. Mada hakubadilisha.