Homa Imekwisha, Mbona Mtoto Amepauka?

Akina mama wa kandokando ya Ziwa Babati wanaijua malaria ya wakati wa mvua. Mtoto hutibiwa, homa hushuka, huanza kucheza. Kisha, baada ya siku chache, viganja vyake vinapauka. Jirani atasema dawa imemnyonya damu.

Basi sikilizeni. Damu ina chembe nyekundu, wachukuzi wa oksijeni, na chembe nyeupe, ndizo askari wake. Kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu na kuipasua. Askari wakiamka, humpiga adui kwa silaha kali iliyotengenezwa kwa oksijeni. Mwataka kujua ukali wake? Tazameni jembe lililosahauliwa mvuani: oksijeni ndiyo inayolila likawa kutu.

Lakini silaha hiyo haichagui. Chembe nyekundu zilizo karibu, hata zisizo na kijidudu, huunguzwa ngozi, hukakamaa, na wengu huzikamata na kuziharibu. Mwaka 1980 Stephen Weiss wa Marekani alieleza jinsi chembe nyeupe za binadamu zilivyozivunja nyekundu katika maabara. Hiyo ni sababu mojawapo tu. Lakini katika malaria chembe zisizo na kijidudu zinazopotea huwa nyingi kuliko zilizoingiliwa.

Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na mwili hauwezi kuzirudisha zote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo, mama, viganja vikipauka au mtoto akihema upesi, usingoje homa irudi. Mpeleke Mrara au Dareda apimwe wingi wa damu.