Juu ya nini bugali inakuwa nguvu ikilala?

Ndugu memba wa koperative,

Mama mmoja mwenye restora aliniletea bugali ya jana yake. Akasema: «Agronome, hii unga yenu ni mubaya. Asubui bugali ilikuwa laini, magaribi inavunjika kama tofali.» Tulimurudishia pesa ya mifuko mbili. Lakini unga haikuwa mubaya: mahindi na muhogo vilichanganywa bila kipimo.

Wanga wa mahindi na wa muhogo umefanywa na nyuzi ndefu ambazo macho haiwezi kuona. Ziko aina mbili. Amilozi ni nyuzi zilizonyooka. Amilopektini zina matawi mengi kama muti.

Katika maji ya moto, chembe za wanga zinavimba na nyuzi zinaachana. Ndiyo maana bugali ya moto ni laini. Ikipoa, aina hizo mbili hazipendi kubaki zimechanganyika. Amilozi zinajipanga haraka, zikilaliana kama kuni katika fungu, na bugali inakuwa nguvu. Zile za matawi zinajipanga pia, lakini polepole, siku kwa siku.

Wanga wa mahindi ya kawaida una amilozi karibu 25 kwa 100. Wa muhogo, karibu 17 mpaka 20. Kwa hiyo bugali ya mahindi peke inakuwa nguvu mbio, na muhogo inaifanya ibaki laini na ya kuvutika.

Kuipasha moto kunasaidia nusu tu: nyuzi za matawi zinaachana tena, lakini amilozi hazisikii hata maji inayochemka. Na frigo inaongeza ugumu.

Basi tufanye hivi:

1. Tupime kwa kilo, si kwa macho, na tuandike kipimo katika kaye.
2. Tusage vyote kwa ulaini mumoja. Njiani, unga laini unashuka chini ya mufuko na ule mukubwa unabaki juu.
3. Mbele ya kuuza, tupike bugali tatu za vipimo tofauti, tuziangalie mpaka kesho yake.
4. Muhogo muchungu uloweshwe siku tatu au zaidi, ukaushwe muzuri, ndipo usagwe. Kuuchanganya na mahindi hakuondoi sumu.

Mununuzi anarudi kama mufuko wa leo uko sawa na ule wa jana.