Ukarabati wa rivolva ya kale

Ukarabati wa rivolva ya kale ni kazi ya kukagua, kusafisha na kuhifadhi bastola yenye silinda inayozunguka, iliyotengenezwa miongo mingi iliyopita. Mara nyingi silaha hiyo humfikia mtu kama urithi. Lengo kuu si kuifanya ing'ae kama mpya, bali kuhakikisha usalama na kuzuia isiendelee kuharibika.

Ukaguzi

Kabla ya kazi yoyote, silinda hukaguliwa tundu kwa tundu ili kuhakikisha haina risasi. Mrithi anapaswa pia kufuata sheria ya nchi yake: kwa kawaida leseni ni ya mtu binafsi, wala hairithiwi pamoja na silaha.

Fundi wa silaha huangalia kama kuna nyufa, kama springi zimechoka, na kama kila tundu la silinda linasimama sawasawa na mtutu. Katika Colt Single Action Army ya mwaka 1873, ncha ya nyundo iliyoshushwa hugusa risasi iliyo mbele yake. Ikianguka, inaweza kufyatuka yenyewe.

Hatari ya risasi zisizofaa

Risasi kuingia kwenye silinda si uthibitisho kwamba inafaa. Mfano ni Webley Mk VI, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915 kwa risasi za .455. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nyingi ziliuzwa Marekani, na silinda zake zikapunguzwa upande wa nyuma ili zipokee risasi za .45 ACP. Risasi hizo za kiwandani zina shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Webley iliundiwa, kwa hiyo silinda inaweza kupasuka.

Kusafisha

Rangi ya buluu-nyeusi ya rivolva nyingi ni tabaka jembamba la oksidi ya chuma linalopunguza kutu. Kutu nyekundu huondolewa polepole kwa mafuta mepesi na kitambaa au sufu laini ya chuma. Msasa na mashine ya kung'arisha huondoa tabaka hilo pamoja na alama za kiwanda na namba ya silaha, ambazo ni ushahidi wa historia yake. Mara nyingi hilo hushusha thamani yake. Skrubu hufunguliwa kwa bisibisi inayolingana na mfereji wake.

Mabaki ya baruti nyeusi na ya viwashio vya zamani yana chumvi zinazovuta unyevu. Mafuta pekee hayayeyushi chumvi hizo: mtutu husafishwa kwa maji ya moto, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa mafuta.

Kuhifadhi

Rivolva haihifadhiwi ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kemikali zake hula chuma. Hufungiwa kwenye sefu kavu, bila risasi. Baada ya kushikwa hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa sababu jasho la mikono huleta kutu. Kwenye joto na hewa ya chumvi ya pwani, ukaguzi hufanywa mara nyingi zaidi.