Muuzaji Asiyetaka Kuuza

Kwa miongo mingi, aliyepita kwenye kona ya Rue Jacob na Rue Bonaparte jijini Paris aliweza kumwona bibi mmoja mwenye kope ndefu za bandia na wigi lililoshikiliwa kwa mpira chini ya kidevu. Mpira wenyewe hakuuficha. Ukiingia dukani kwake kuulizia kiti, ulikaguliwa wewe kabla hujakikagua kiti, na huenda mwishoni ukaambiwa hakiuzwi. Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vya bibi huyo, Madeleine Castaing, muuza samani za kale, viligoma hata kuuzwa.

Alizaliwa Chartres mwaka 1894, akaigiza kidogo katika filamu zisizo na sauti, akaolewa na Marcellin Castaing, mhakiki wa sanaa aliyetoka katika familia yenye mali. Kisa ninachokiona kuwa ufunguo wa kazi yake kilitokea kabla hajawa na duka. Mume na mke walikutana mkahawani na Chaïm Soutine, mchoraji mhamiaji, wakati huo fukara asiyejulikana. Inasimuliwa kwamba walimtangulizia faranga 100 kwa picha ambayo hawakuwa wameitazama sawasawa. Soutine akazitupa. Alikuwa radhi kupokea tano kwa mtu aliyeipenda picha kuliko mia kwa mtu aliyemwonea huruma.

Baadaye walipatana, wakawa wafadhili wake wakubwa. Miaka ya 1930 Soutine alikuwa akienda kuchora nyumbani kwao Lèves, karibu na Chartres, wakati wa kiangazi. Picha aliyomchora Madeleine akiwa amevaa gauni jekundu na koti jeusi la manyoya ipo Metropolitan Museum, New York. Mimi nadhani zile faranga zilizotupwa hakuzisahau. Maisha yake yote ya biashara alimtendea mteja kama Soutine alivyomtendea yeye: tazama kwanza, pesa baadaye.

Duka la kwanza alilifungua mwaka 1941 katika mtaa wa Cherche-Midi, Paris ikiwa mikononi mwa jeshi la Kijerumani, kisha akahamia kwenye ile kona na kuupaka uso wa duka rangi nyeusi. Ndani, vitu havikupangwa kama bidhaa. Alitengeneza vyumba hasa: kochi na meza yake, taa na pazia, kana kwamba mwenye nyumba ametoka kidogo tu na atarudi. Kwenye maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, mara nyingi naona makasha yamepandishana na saa za ukutani zimenyamaza juu yake, na kazi ya kuwaza yatakavyokaa nyumbani ameachiwa mteja. Castaing hakumwachia mteja kazi hiyo.

Halafu kuna aina ya vitu alivyovipenda. Matajiri wa Paris walikuwa wakigombania samani za enzi za Louis XV na Louis XVI. Yeye akaokota zilizodharauliwa za karne ya 19: makochi mafupi yaliyojazwa na kubanwa kwa vifungo ya enzi ya Napoleon III, meza nyeusi zilizonakshiwa kwa vipande vya kombe ling'aalo, viti vya Kiingereza, samani za Kirusi. Sura ya kitu ilimgusa kuliko ukoo wake, na cha bei ndogo kilikaa ubavuni mwa cha bei kubwa bila kuombewa radhi.

Sasa, viti vya nchi mbalimbali vinakaaje chumba kimoja bila kugombana? Jibu lake lilianzia chini. Alipenda mazulia yanayofunika sakafu nzima hadi ukutani, yenye madoa ya chui au majani ya mgomba. Kwenye sakafu tupu, kila mguu wa kiti unaonekana peke yake, na mgeni anajulikana mara moja kuwa mgeni. Madoa ya chui huvunjavunja umbo la miguu hiyo kama yanavyomficha chui mwenyewe kwenye vichaka. Jicho linaacha kuhesabu vitu na kuanza kuona chumba. Kisha ukutani na kwenye mapazia akaweka buluu iliyopauka, ambayo hadi leo wapambaji wanaiita kwa jina lake, na kuizungushia mistari na kingo nyeusi. Nyeusi hiyo inafanya kazi ya wanja machoni: hukaza kile ambacho kingepwaya. Ndiyo maana wanaomwiga kwa kununua zulia la chui peke yake wanaambulia sebule inayopiga kelele.

Sisi wenye migomba nyuma ya jiko tunaweza kucheka kwamba mtu alilipa pesa nyingi akanyage picha ya majani yake. Lakini Paris ya Januari, jua likiwa halijaonekana wiki nzima, ni mahali pengine kabisa.

Rafiki yake Jean Cocteau alisaidiwa naye kupamba nyumba yake ya Milly-la-Forêt. Chumba cha kazi cha mwandishi huyo kina madoa ya chui hadi ukutani, na wageni sasa wanaruhusiwa kuingia kukiona. Nenda ukiwa na muda, ukae kidogo.

Castaing alifariki mwaka 1992, akikaribia miaka 98. Mwaka 2004 Sotheby's walipiga mnada samani zake, na viti alivyowanyima watu kwa nusu karne vikaenda kwa aliyenyoosha mkono juu zaidi. Kwenye ile kona ya Rue Bonaparte kuna duka la Ladurée, linalouza keki na biskuti za macaron za rangi rangi. Unachagua, unalipa, unafungiwa kwenye boksi, na hakuna anayekukagua viatu.